Sufuria ya Maziwa ya Mtoto

"Nimeisuuza mara mbili, unataka nini tena?" Ndivyo anavyonijibu mume wangu, shoga! Mikono myeusi kwa grisi hadi viwikoni, ameshika sufuria ya maziwa ya mtoto.

Sufuria ya MAZIWA.

Si unalijua lile pikapu kuukuu analolifufua uani? Leo kang'oa thamostati, kile kidude cha injini kinachofunguka maji yakipata moto. Akataka kujua kama bado kizima, akakichemsha jikoni kwangu. Kina kutu, kina yale maji ya kijani ya rejeta ambayo ni sumu. Alipomaliza akamwaga, akasuuza, akairudisha rafuni. Sina habari.

Mimi nikachemshia maziwa. Mtoto ameshanyanyua kikombe ndipo naona utando wa mafuta unaelea juu. Nikampokonya. Hakunywa hata tone, nimemkagua mdomo mara tatu.

"Mama watoto, kimefunguka vizuri kabisa." Anacheka! Mtoto analia, baba mtu anafurahia kidude!

Nikamwambia sufuria naitupa. "Usitupe bwana, nitaisugua na mchanga itang'aa."

Itang'aa! Namjua huyu, nikiitupa ataiokota jalalani, kesho naikuta rafuni.

Basi nimeenda uani, nimechukua drili yake mwenyewe, nimeitoboa sufuria kitako matundu sita mbele ya macho yake.

Amebaki kuniambia nimeharibu ncha ya drili.