Rehema Hataki Kwenda Zahanati

Dada Zuhura, Mola akutunze hapo Kibiti, wewe na wajukuu.

Huku Mbwera, baada ya korona, wamejenga zahanati mpya ng'ambo ya mto, ina mpaka mtungi wa oksijeni. Lakini mwanangu Rehema, mimba ya miezi minane, miguu imevimba hata kandambili haziingii, hataki kwenda. "Mama, si wewe uliyesema hospitali mtu hutoka na sanda?" Nilisema, dada, siku zile za korona nikimfukiza kwa mwarobaini. Leo nesi kaja mwenyewe kwa mtumbwi, kampima presha, kasema imepanda mno, avushwe leo leo. Nikamwambia Rehema mbele ya nesi, "Mama yako nilikosea." Akalia, akainuka. Tunavuka naye sasa hivi. Mwombee kila sala, asije akafa kwa ulimi wangu.

Nakukumbuka sana,
mdogo wako Mwanahawa