Chumvi ya Mama Augustine

Kabondo, Kisangani, tarehe 9 Machi 2001
Asubuhi ukungu juu ya mto, kisha jua kali.

Mpendwa Tonton Clovis,

Nakusalimu wewe na Mama Kyakimwa. Magoti yake yanavumiliaje baridi ya Butembo? Sisi wazima. Tangu Januari hatujasikia risasi.

Ile chupa ya mbegu ya spirulina, vijidudu vya kijani vya majini, uliyotutumia kwa ndege imejaza beseni kubwa la uani. Mjukuu wako Colette alikuwa akila kijiko kimoja kila siku ndani ya uji, na miguu yake iliacha kuvimba. Kwa hiyo fikiria hofu yangu juma lililopita. Mbegu nyingine hatuna, na barabara ya Bafwasende imefungwa.

Tarehe mosi alipita jirani yetu Mama Augustine, wa Isangi. Unawajua watu wa mto: kitu kikianza kunuka, wanakitia chumvi kama samaki. Aliniita kwa furaha: "Mama Kaswera, ile maji yako ilianza kunuka! Nimeitia chumvi yote ya kwangu, juu isioze."

Chumvi yote, Tonton, wakati sisi wengine tunakoleza mboga kwa majivu! Nilishindwa kumkasirikia.

Kijani kiligeuka manjano. Mkwe wako Zacharie akacheka: "Bon, Ya Kaswera, uanike basi, tuuze makayabu, samaki wa chumvi!" Kisha akaleta pipa la maji ya mvua, amwage yote beseni.

Nilimzuia. Wewe mwenyewe ulitufundisha darasani: chumvi ikivuta maji kutoka ndani ya vijidudu hivi, vinatumia jua kujitengenezea sukari na kuihifadhi mwilini, ili maji yasitoroke. Vikishajaa sukari hiyo, maji mengi yasiyo na chumvi yakija ghafla yangeingia kwa nguvu na kuvipasua. Basi nikatia lita moja asubuhi, moja jioni, nikaandika rangi kwenye daftari langu.

Siku nne niliandika "manjano", na Colette akanywa uji mtupu. Virginie, mama yake, hakunilaumu, lakini kila asubuhi aliibonyeza miguu ya mtoto aone kama imevimba tena. Siku ya tano, uzi wa kijani ukingoni. Jana beseni zima lilikuwa kijani, na Colette akalamba kijiko chake mpaka kikang'aa.

Mama Augustine anasema ni chumvi yake iliyoponya beseni. Sikumbishia. Ukimpata msafiri wa ndege, mtumie pakiti moja. Nyumbani kwake wanakula bila chumvi kwa ajili yetu.

Virginie na Zacharie wanakusalimu. Tusalimie Henri. Mungu alinde mlango wenu.

Mtoto wako anayekukumbuka kila siku,
Kaswera

Nimesahau: tangu tarehe mosi nilikuwa nikilala saa saba za usiku. Jana nililala mapema, saa mbili za usiku.