Mhispania Aliyeshika Kisu Changu

Mjukuu wangu Akinyi,

Barua yako kutoka Madrid imenifikia, nikaisoma mara mbili. Sisi huku tu wazima. Mjomba wako amehamia mtaa wa Mamboleo, nami goti linanisumbua kidogo tu. Unauliza Uhispania ilitajirikaje. Mimi sikusoma uchumi, lakini niliwahi kumuuliza Mhispania mwenyewe.

Ilikuwa miaka ya tisini, nikikata mbuta, wale sangara wakubwa wa ziwani, katika kiwanda cha samaki hapa Kisumu. Minofu ilienda Ulaya. Mifupa iliyobaki tuliikaanga na kuiuza mtaani Nyalenda. Siku moja mnunuzi kutoka Uhispania alikuja kukagua. Akaomba kisu changu, akapasua samaki vizuri kuliko sisi sote.

"Bwana, ulijifunzia wapi?" nikauliza. Msimamizi alitutafsiria.

"Kwa mama. Alikuwa akikata samaki kiwandani, na baba alikuwa kibarua Ujerumani, akitutumia pesa. Baadaye watalii wakajaa pwani yetu, hoteli na viwanda vya magari vikajengwa, vijana wakaacha visu."

"Mama yako aliona lini kwamba nchi imebadilika?"

"Hakuona. Siku moja aliniuliza tu, 'Siku hizi samaki wetu wanakatwa na nani?'"

Akanirudishia kisu kwa mikono miwili. Nikaendelea na kazi, lakini tangu siku hiyo kila kreti ilipotoka nilitaka kujua inaenda kwa nani, na kama huyo mlaji naye zamani alikata samaki kama mimi.

Waulize wazee wa huko, kisha uniandikie.

Nyanya yako anayekukumbuka,
Dani Atieno