Tia Mkono Kwanza

4 Februari

Mkwe wangu mpendwa,

Hujambo huko uliko? Kazi inakwendaje, na miguu imeacha kuvimba? Sisi hatujambo. Mume wangu mdogo, yaani mwanao, mzima wa afya, ameanza kutembea kwa kushika ukuta, na kelele zake zinafika mpaka kwa fundi cherehani hapa jirani. Mkono wangu wa kulia ndio uleule, nikikamua nepi unauma hadi begani.

Najua utauliza kwa nini nahangaika na barua na simu ipo. Kwenye simu tunaishia kulia na kuulizana "unanisikia, unanisikia". Hapa nasema mpaka mwisho, hakuna wa kunikatiza.

Mashine yako ya kufulia imefika. Asante sana, Mungu akuzidishie. Lakini mwanangu wee, umenitumia mashine au punda? Mumeo kaishusha mwenyewe kwenye lori lake, kaikokota mpaka chumba cha nyuma, kaunga maji, kachomeka umeme, kasema, "Mama, ni kubonyeza tu," na huyo, karudi barabarani. Nikabonyeza. Mwanzoni ilikuwa na adabu zake, inazungusha nguo polepole, nami nimekaa kwenye kiti naitazama kwenye kioo chake, raha mustarehe. Ilipofika kwenye kukamua, mama yangu! Ikaanza kutetemeka, ikaruka, ikatoka ukutani, ikaja inanifuata. Nikamkwapua mtoto, nikapanda naye juu ya kiti. Fundi cherehani kaja mbio na mkasi mkononi, sijui alitaka kuichoma. Ilisimama katikati ya chumba baada ya kujichomoa plagi yenyewe. Sasa nimeifunga kamba kwenye dirisha.

Niambie ukweli, kitu hiki kinafugwaje?

Ni mimi, mama mkwe wako

19 Februari

Mama,

Shikamoo. Naandika nikiwa nimekaa juu ya marobota ya mashuka ya hoteli, ndiyo mapumziko yetu. Nimecheka na barua yako mpaka msimamizi akaja kuuliza kama naumwa.

Mfungue kamba huyo punda. Nyuma yake kuna boliti kubwa zinazoshika pipa la ndani lisicheze njiani. Lazima zitolewe kabla ya kufua. Mwanao, anayefunga na kufungua mizigo kila siku ya Mungu, mzigo wa mamake kasahau kuufungua! Azitoe kwa spana, azitunze, siku tukihama zitatakiwa. Halafu aiweke sawa, miguu yake inazungushwa. Weka glasi ya maji juu yake, maji yakilalia upande mmoja, azungushe tena.

Sabuni ni ile ya mashine, isiyo na povu jingi, vijiko viwili tu. Najua wewe kwako bila povu nguo haijafuliwa. Nakuomba usiongeze. Kagua mifuko. Usishindilie nguo. Ukiona maji kwenye kioo usiupiganie mlango, ikimaliza itaufungua yenyewe. Chini pembeni kuna kimlango, ndani kuna chujio. Ukitaka kulisafisha ngoja maji yapoe, tandika tambara, fungua taratibu. Plagi iingie ukutani moja kwa moja, si kwenye ule waya wa kuunganishia wenye redio na pasi. Mikono iwe mikavu. Ukimaliza kufua, chomoa, na usiniambie "nitachomoa baadaye", hapa kazini nimeona waya ulioungua. Futa ule mpira wa mlangoni, kisha mlango uache wazi upate hewa, la sivyo itanuka uvundo.

Nimemnunulia mwanangu soksi. Nilizipima kwenye kiganja changu, maana mguu wake ulikuwa unaishia hapo nilipomwacha. Mbusu kisogoni, pale penye harufu ya maziwa.

Mkweo

14 Machi

Mkwe wangu,

Salamu nyingi. Hatujambo wote, na mimi leo nina nguvu za msichana.

Boliti zimetoka. Mumeo aliona haya, akasema, "Mama, usimwambie mke wangu kwamba nilikubishia kwanza." Basi nimekwambia. Sasa punda ametulia, anaguna tu. Kuhusu sabuni, mara ya kwanza nilikutii. Mara ya pili moyo ukakataa kabisa, vijiko viwili ndiyo vitatoa uchafu wa dereva? Nikatia konzi nzima. Povu likatoka kwenye droo, likamwagika sakafuni, mume wangu akaliingia kifua mbele, nikamtafuta humo kwa mikono. Nimekoma. Chujio nalo nimelifungua, nikakuta kifungo, pini ya nywele na skrubu. Skrubu ni ya nani, mumeo hataki kusema.

Soksi zimefika. Mwanangu, haziingii. Nimevivisha vidole gumba vyake vya miguu, akafurahi kweli. Usihuzunike. Ukuta ameshauacha, anatembea mwenyewe, anapanda ndoo, anapanda viti, na kijiko chake cha bati hakitoki mkononi hata akilala. Mashine anaiita Dudu. Ikianza kuzunguka anakaa mbele yake, anacheza mabega.

Kuna jingine, nakwambia ili usije ukalisikia kwa mtu. Mimi ananiita Mama. Kila siku namwambia mimi bibi, mama yuko kazini. Anaitazama simu.

Mkono umepona, sasa nashika hata sindano. Nikimaliza kufua nachomoa, nafuta mpira, mlango nauacha wazi kama ulivyoniagiza. Hakuna harufu hata kidogo.

Mama mkwe wako

3 Aprili

Mkwe wangu,

Kabla ya salamu, mtoto mzima. Yuko mgongoni kwangu ninapoandika, analamba kijiko. Lisome hilo mara mbili, halafu kaa chini ndipo uendelee.

Jana asubuhi nilitoa nguo za kwanza nikaenda kuanika. Mtoto nilimwacha kwa fundi cherehani, kwake na kwangu ni mlango kwa mlango. Akamtoroka. Fundi akadhani kanifuata mimi, mimi najua yuko kwa fundi. Nikarudi ndani na mashuka machafu yamenijaa mikononi hadi kidevuni, mbele sioni. Nikayasukuma kwenye mashine, nikafunga mlango kwa goti. Nikatia sabuni, nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza tena. Kimya. Nikakumbuka plagi, nilikuwa nimeichomoa. Nikainama kuichomeka, nanung'unika kwamba wewe na masharti yako mtanivunja mgongo.

Nilipoinama, uso wangu ukawa sawa na kioo. Nikasikia ko, ko, ko. Ni kijiko. Na nyuma ya kijiko, jicho.

Sijui nilifunguaje. Nilimvuta pamoja na mashuka yote. Hakuwa analia, shuka lilikuwa kichwani, akanionyesha ndani akaniambia, "Dudu." Nikakaa sakafuni, nikapiga yowe, watu wakajaa. Nilijikojolea, mkwe wangu, sikufichi. Na plagi ilikuwa bado mkononi mwangu, walikuja kunifungua vidole.

Kutwa nawaza jambo moja tu, ingekuwa siku ambayo nimesahau kuchomoa.

Mashine nimeigeuza, inatazama ukuta. Nafua kwa mikono. Mwanao ulinikabidhi mimi, hukumkabidhi fundi cherehani. Ukitaka apelekwe kwa mama yako mzazi, ni haki yako, sitaleta neno. Usininyamazie tu.

Bibi yake

29 Aprili

Mkwe wangu,

Hujambo? Sisi wazima.

Kimya chako nakisikia hadi jikoni. Mumeo alipita, nikamwambia yote. Akatoka, akarudi na komeo, akalipigilia juu kabisa kwenye mlango wa chumba kile. Anasema simu yako inaita tu, hupokei.

Nitukane. Nina umri wa kutukanwa na bado nikala chakula changu. Lakini andika.

Bibi yake

8 Mei

Mama,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya.

Nimekuandikia barua nyingi nikazichana. Ya kwanza ilikuwa ya matusi, sina haja ya kukuficha. Nilikuwa katikati yake, nimeandika "nani alikwambia uuache mlango wazi", kalamu ikasimama. Ni mimi. Nilikwambia mimi, kwa mwandiko wangu huuhuu.

Wewe ulikuwa umeniandikia kwamba anatembea kwa kushika ukuta. Niliisoma barua, nikawasomea wenzangu, nikacheka. Halafu nikachukua karatasi nikakuagiza kama vile nyumba haina mtoto. Hapa tunapofulia hakuna mtoto, milango yote inaachwa wazi. Kichwani mwangu yeye bado amelala palepale nilipomlaza, hawezi hata kujigeuza. Ndiyo maana na zile soksi. Nimelia kwa soksi kuliko kwa mashine, sijui kama utanielewa.

Asipelekwe popote. Wewe ungeweza kusema "nitachomoa baadaye", hukusema. Ulinisikiliza mimi, mtoto wa juzi, kwenye nyumba yako mwenyewe. Asante, Mama. Sijui kulisema zaidi ya hapo.

Igeuze mashine itazame nyumba, mkono wako usije ukaharibika tena. Lakini kabla ya kutia hata kitambaa kimoja, tia mkono kwanza. Pipa zima, juu na chini, hata ukiwa na haraka, hata mtoto ukiwa umembeba mgongoni. Kuuacha mlango wazi, uache ukiwa umekaa hapohapo unautazama. Pakikauka ufunge, plagi nje, komeo juu.

Nimewaambia mwezi huu ni wangu wa mwisho. Msimamizi kasema nafasi kama hii sitaipata tena. Nikamwambia najua. Ninachoogopa ni kimoja tu, kwamba nitaingia mlangoni na yeye atakimbia kujificha nyuma yako.

Mkweo

21 Julai

Mama,

Shikamoo. Dada yako mkubwa uliyekwenda kukaa kwake hajambo? Mnaelewana au mmeshaanza kugombania redio? Mkono unaendeleaje, ulivyorudia kuuma kwa kufua? Nimemwagiza asikuruhusu kushika beseni, na usimdanganye kwamba nimeruhusu.

Hapa wazima. Ulipoondoka mara tu niliporudi nyumbani nilikasirika, sasa naweza kukwambia. Ulisema, "Nikiwepo hatakuja kwako," ukabeba kikapu chako ukaenda. Mume wako mdogo alikutafuta chini ya kitanda, nyuma ya pazia, mpaka ndani ya kabati la vyombo. Usiku wa kwanza alilala mlangoni kwako, nikalala naye sakafuni, akasogea mbali nami. Asubuhi akaniita Shangazi, kama anavyomwita fundi cherehani. Nikaitika. Ningefanyaje?

Jumatatu nilifua. Nilifungua mlango wa mashine, nikageuka kuchambua nyeupe na za rangi, kisha nikatia mkono kwanza. Nikakuta kijiko. Kutazama, huyo kasimama kando ya ndoo, kaziba mdomo kwa viganja viwili. Nikasema, "Jamani, Dudu kala kijiko!" Mama, alicheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo ndiyo kazi yetu. Nikimpa kisogo anatumbukiza kitu, nikitia mkono nakikuta. Nimekuta kibanio, nimekuta ndala yako, juzi nimekuta zile soksi ndogo. Nikimaliza nafunga, nachomoa, komeo juu, naye anaaga, "Lala, Dudu."

Leo nilikuwa na haraka. Wingu lilikuwa limetanda, nikataka niwahi kabla ya mvua. Nikayakumbatia mashuka yote kwa pamoja nikawa nayasukuma. Nikahisi gauni linavutwa nyuma. Anavuta kwa nguvu zake zote, uso umekunjamana kama wako ukikasirika.

"Mama," akasema. "Mkono."

Nikayaweka mashuka chini. Nikatia mkono, pipa zima, juu na chini. Hamkuwa na kitu. Nikabaki nimeinama hivyo, mkono ndani, kwa sababu sikutaka anione ninavyolia. Naye akaja akainama pembeni yangu, akatia na wake.

Mvua imenyesha, mashuka hayajafuliwa, na bado yako sakafuni ninapoandika. Kaa huko mpaka mkono upone kabisa, halafu urudi. Anakuulizia kila siku, na sasa anakuita Bibi.

Mkweo, mama yake