Jina Langu Katika Kitabu cha Polisi

Alhamisi. Mvua imeanza alfajiri na mpaka sasa haijakatika. Maji yameingia uani, na njia ya sokoni ni tope tupu.

Leo tumesomewa kitabu cha polisi, mimi na Mama.

Niandike tangu mwanzo, maana sina wa kumwambia. Wiki sita zilizopita mgambo walipita mtaani kwetu hapa Kariakoo kukamata vijana wasio na kazi. Mdogo wangu Hamisi alikuwa amekaa kwetu miezi mitatu tangu atoke Newala. Alibeba magunia sokoni, lakini kubeba magunia si kazi ya kuandikiwa kitambulisho. Alilala kwenye mkeka, kati ya kitanda chetu na ukuta. Mume wangu Athumani, karani wa bandarini, alikuwa amekwisha kuniambia mara mbili kwamba anayemficha mzururaji naye ana kesi, na kwamba yeye hatapoteza kazi kwa sababu ya shemeji.

Asubuhi ile Athumani alikuwa ameshatoka. Hamisi alikuwa barazani ananawa uso. Mgambo wawili wakamshika mikono. Mmoja akanigeukia mimi niliyekuwa mlangoni na ufagio, akaniuliza jina. Nikamtajia. Akaandika kwenye daftari lake.

"Huyu kijana ni wa nyumba hii?"

Nikasema, "Simfahamu."

Nimejiambia mara nyingi kwamba sijui neno lile lilitoka wapi. Ni uongo. Lilitoka kwenye woga, na woga huo nilikuwa nimeulea kwa wiki nyingi. Hamisi aliniangalia mara moja, akajifuta uso kwa shati, akaenda nao.

Athumani nilimwambia amekamatwa wakati nimekwenda bombani. Mama nilimwandikia kwamba amekamatwa sokoni.

Mama alikuja. Siku tatu njiani kwa sababu ya mvua za kusini, amefika magoti yamevimba na kikapu cha korosho kimelowa. Tangu siku hiyo swali lake ni moja tu: wamempeleka wapi mwanangu?

Kumbe polisi huendi tu dirishani ukauliza. Mara ya kwanza tulirudishwa. Inatakiwa kwanza barua ya balozi wa nyumba kumi, iseme wewe ni nani, mumeo anafanya kazi wapi, na unayemtafuta ni nani wako. Barua hiyo ipigwe muhuri ofisi ya tawi la chama. Halafu uandike ya kwako kwa mkuu wa kituo, utaje jina la aliyekamatwa, la baba yake, siku, saa na mtaa. Ya kwangu ilirudishwa kwa sababu sikuandika jina la babu. Nikaandika upya. Na baada ya yote hayo nakala hupewi. Unasomewa, ukibahatika.

Lakini ile barua ya balozi ningeweza kuipata siku moja. Nilikaa wiki mbili. Nilimwambia Mama balozi amesafiri, na balozi yuko nyumba ya nne kutoka kwetu, kila jioni anacheza bao. Nilikuwa naomba daftari la yule mgambo liwe limelowa. Liwe limepotea. Awe hakuandika.

Aliandika.

Koplo aliyetupokea leo ni mtu wa makamo, miwani yake imefungwa kwa uzi. Alimwamkia Mama shikamoo, akamvutia kiti. Mimi nilisimama. Akapitisha kidole kwenye kurasa mpaka akapata, akaanza kusoma kwa sauti moja, kama mtu anayesoma mambo ya namna ile kila siku.

"Hamisi Saidi, miaka ishirini na mmoja. Hana kazi, hana kitambulisho. Amekamatwa barazani, saa moja kasorobo asubuhi. Mwanamke aliyekutwa mlangoni, Zainabu Saidi, alipoulizwa alisema hamfahamu."

Akaichukua barua yangu, akatazama jina chini, kisha akanitazama mimi.

"Zainabu Saidi ni wewe, dada?"

"Ni mimi, afande."

Mama hakugeuza shingo. Alisema tu, "Endelea kusoma, baba."

"Kijana alipoulizwa ndugu zake, alijibu hana ndugu yeyote mjini. Akaulizwa mara ya pili, akajibu vilevile. Siku ya tatu amesafirishwa kwa lori pamoja na wenzake, mashamba ya mkonge, Tanga."

Lile la Tanga karibu lisinifikie. Nilikuwa nimekwama kwenye hana ndugu. Neno moja tu lingemtosha, aseme yule mwanamke wa mlangoni ni dada yangu. Wangekuja kunichukua siku ileile.

Mama akauliza afanyeje ili mwanawe arudi. Koplo alivua miwani.

"Mama, mwenyeji wake aandike maelezo kwamba ni ndugu yake na anakaa kwake. Sasa mwenyeji ameshasema hamfahamu. Basi huyohuyo aje aandike kwamba alidanganya, atie sahihi." Akanigeukia. "Nakwambia mapema, dada. Hilo nalo litaingia humu kitabuni, na sitaweza kulifuta. Wakubwa wa mumeo wakiuliza, wataonyeshwa."

Nikamwomba nirudi kesho.

Naona haya kuandika hivyo, lakini ndivyo nilivyosema.

Tulitoka. Mvua ilituzuia kwenye kibaraza cha duka, katikati ya watu waliopanga foleni ya sabuni. Mama aliegemea ukuta.

"Siku ile alikuita dada?"

Hakuniuliza ni mlangoni au sokoni. Alikuwa ameshajua yote.

"Hakuniita, Mama."

"Na humo ndani wamemuuliza mara mbili."

"Ndiyo, Mama."

"Alikuwa anakulinda, Zena. Yuko rumande, amekaa sakafuni, anakulinda wewe. Na wewe unataka kesho."

Hakupandisha sauti. Mwanamke mmoja kwenye foleni alitutazama, kisha akatazama pembeni.

Tukarudi kituoni.

Koplo alitaka niseme yeye aandike. Nikamwomba karatasi niandike mwenyewe. Niliandika kwamba nilidanganya, kwamba Hamisi ni mdogo wangu wa baba mmoja na mama mmoja, kwamba alikuwa anakaa kwangu na nilijua hana kitambulisho. Sahihi yangu haikufanana na ile ya kwenye barua, ikabidi nirudie chini yake. Koplo akagonga muhuri.

"Itakwenda Tanga," alisema. "Inaweza kuchukua mwezi, inaweza kuchukua mitatu. Huko kuna wanaotoroka, kuna wanaougua. Siwaahidi kitu."

Mama alimshukuru kwa mikono miwili.

Njiani alitangulia mbele. Tulipofika penye dimbwi kubwa nilimshika kiwiko, akakitoa taratibu, akavuka peke yake na magoti yale. Tulipoingia ndani alianza kukunja khanga zake. Atakaa Magomeni kwa mtu wa kwetu mpaka majibu yaje. Nilimwambia, "Mama, kaa hapa." Akasema, "Hapa nitalalaje tena? Kwenye mkeka wake?"

Sasa ameshaondoka. Chumba kimekuwa kikubwa.

Sijui kama Hamisi yuko hai. Sijui kama atarudi, na akirudi kama ataingia tena mlango huu. Nilidhani nikishaandika ukweli nitapumua. Sijapumua.

Athumani anatoka kazini saa tisa na nusu. Hajui kwamba chumba chake na jina la mkewe sasa vimo kitabuni, tena kwa mkono wa mkewe. Namsikia uani anamsalimu jirani, anakung'uta mwavuli.

Nitamwambia kabla hajavua viatu.