Plagi Tatu za Nyuma

Mashaka, niko uani na mikono imejaa grisi, siamini ninachokiona.

Gari limeendelea kumisi, injini inakatakata, nikafungua plagi mwenyewe. Tatu za mbele ni mpya. Za nyuma, ambazo huzifikii mpaka ung'oe manifodi, lile bomba la hewa juu ya injini, zina kutu. Zina kutu, Mashaka. Hazijaguswa miaka.

Na Gozbert, yule fundi wetu, alisema kabadilisha zote sita, akanikabidhi plagi sita za zamani kwenye mfuko. "Braza, hesabu mwenyewe, mie siyo mwizi." Nikahesabu, sita kweli. Sasa tatu kazitoa kwenye gari la nani?

Wewe juzi kakufungia breki. Zile pedi za zamani alizokuonyesha, una hakika zilikuwa zako?

Usiliwashe hilo gari. Nakuja Mabibo na jeki.