Picha ya Mimi na Mbuzi

Jumamosi, 3 Februari 2007

Nina miaka sabini na nne. Nimezika wake wawili, kaka zangu watano, daktari aliyesema sifiki mwisho wa mwaka, na fahali wa Korogwe aliyenipasua tumbo. Fahali alikufa siku ileile. Mimi niko Brooklyn Park, huku Marekani, navunja barafu.

Presha asubuhi 158 kwa 94. Nakijwa binti yangu ni nesi, ndiye aliyenipa daftari hili niandike presha. Mimi naandika ninachotaka. Kusoma na kuandika nilijifunzia kisomo cha watu wazima, nina ndevu tayari, na nilikuwa wa kwanza darasani. Wa pili alikuwa mbali sana.

Barafu ya ngazi nimeipiga kwa koleo mpaka mpini umelia. Vijana wa jengo hili wanamwaga chumvi. Waoga.

Saa nne tumekwenda kwa mzungu mwenye mifugo, mbele ya Lakeville. Rehema kaendesha. Huyu ni msichana wa Tanga, anasoma chuo hapa. Mzungu akatoa bunduki ampige mbuzi risasi ya kichwa. Nikamshika mkono. Mbuzi wa risasi ni mzoga, nani atakula. Nikamlaza beberu kwenye theluji, goti begani, Bismillahi, kisu mara moja. Damu ikaruka ikatoboa theluji mpaka majani ya chini. Mzungu akavua kofia. Miaka thelathini na moja machinjioni, sijawahi kurudia kisu. Nikichinja mimi, Waislamu wanakula na Wakristo wanakula.

Nyama ni ya akina mama. Nakijwa ana kundi lao, Watanzania na Wakenya, wanakutana kwetu mara moja kwa mwezi. Wanapimana presha, wananyoosha viungo, wanakula, wanalia kidogo, halafu wanaandika kwenye blogu yao. Upweke, baridi, kukosa usingizi, waume. Rehema ndiye anayeziingiza habari kwenye kompyuta. Nakijwa ameweka sheria: hakuna majina, hakuna sura. Picha zote ni mikono na masufuria. Nani anataka kuona mikono.

Kerubo ndiye aliyenifungulia mlango wa chini nilipofika na mbuzi begani. Mkenya. Hii wiki ya tatu analala chumbani kwa Nakijwa. Mumewe anakaa St. Louis Park. Alimwekea mkono kwenye mlango wa gari akaufunga. Akaufungua. Akaufunga tena. Sasa mkono una plasta ngumu mpaka kiwikoni. Mume hajui mke yuko wapi. Nikimpata yule nitamning'iniza kwenye ndoano.

Rehema kanipiga picha palepale mlangoni. Damu mpaka kwenye kola. Nimetoka vizuri sana.


Jumapili, 4 Februari

Nakijwa yuko kazini, zamu juu ya zamu, leo na kesho. Kerubo amelala, dawa za maumivu. Rehema alikuja kuweka mambo ya jana kwenye blogu. Kaweka sufuria. Kaweka mikono inakata vitunguu. Nikamwambia weka na yangu.

"Babu, dada Nakijwa amekataza sura."

"Amekataza sura za wanawake. Mimi mwanamke?"

"Babu, utaniponza."

Nikapiga meza kwa ngumi, kijiko kikaruka. Akaweka.

Mpaka alasiri watu wa Tanga wameandika, wa Dar wameandika, mmoja kaandika kutoka London. Kuna aliyeniita simba. Kuna aliyeuliza kama nina mke. Nilimwambia Rehema asome tena hiyo ya mke.

Presha 146 kwa 88.


Jumatatu, 5 Februari

Leo nimetambuliwa barabarani. Natoka dukani, gunia dogo la mchele begani, kijana akashuka kwenye gari mbele ya jengo. Koti zuri. Viatu vya ngozi kwenye theluji. "Shikamoo mzee." Lafudhi ya Kenya. Lakini shikamoo kamili, kichwa chini, mikono miwili. Wakenya hapa wananiambia "habari ya asubuhi" kama wanamsalimia karani. Huyu amelelewa.

"Si ni wewe yule mzee wa mbuzi?"

Nikasema ndiye. Akabeba mchele. Akauliza habari za machinjio, nikafungua koti nikamwonyesha kovu la fahali hapohapo, baridi inakata. Akatikisa kichwa. Akasema wazee wa namna yangu wamekwisha. Akaniuliza nakaa mlango gani, siku moja alete heshima zake. Ghorofa ya tatu, 306, nikamwambia. Mchana nipo. Nisipokuwepo yupo mwanamke atakufungulia.

"Asante mzee wangu. Mungu akuweke."

Presha 140 kwa 86. Nakijwa anapoteza hela kununua vidonge.


Jumanne, 6 Februari

Nakijwa karudi asubuhi, kafungua kompyuta. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alinikalisha akaikuza ile picha. Huyu mimi. Huyu mbuzi. Nyuma ya bega langu, kwenye kioo cha mlango, jina la nyumba zetu. Juu yake namba ya jengo. Na ukingoni, mkono wenye plasta umeshika mlango, na nusu ya uso wa Kerubo.

Nikasema watu wanamtazama mbuzi. Watu wananitazama mimi.

"Baba, kuna mtu mmoja ambaye hakukutazama wewe."

Akaifuta. Kerubo alikuwa amesimama nyuma yetu, amesikia yote. Akaenda kufunga begi kwa mkono mmoja. Nikamfuata, nikamuuliza huyo mume wake anafananaje. Nilijifanya nataka kumjua nimpige.

"Mrefu. Anavaa vizuri. Watu wanampenda sana, mzee. Ana heshima, anaamkia hata watoto. Mbona, kuna mtu amekuuliza kitu?"

Nikasema hapana.

Nimeandika hapana. Ndivyo nilivyosema.

Wamepanga kumhamishia kwa mama mmoja wa kundi lao, huyo mama anarudi safari kesho jioni. Wanafikiri mume akiiona picha atatafuta mlango mmoja mmoja, milango ni zaidi ya sitini. Ningesema, wangeondoka saa ileile hata kwenda kulala kwenye gari. Najua. Mdomo ulikataa. Sijawahi kuonekana mjinga mbele ya Nakijwa tangu azaliwe.

Nimekaa kunoa kisu. Nakijwa kanikuta, kakichukua, kakifungia kwenye gari lake. Ananijua.

Presha sikupima.


Alhamisi, 8 Februari

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia una mifupa mitatu imevunjika. Jana sikuandika.

Jana tangu asubuhi nilikaa kwenye kiti nyuma ya mlango, koleo la barafu magotini. Nilimwambia Kerubo namsubiri fundi wa bomba. Akacheka kidogo. "Fundi wa bomba unamsubiri na silaha, mzee?" Akaenda kuchemsha maji ya chai. Nakijwa yuko kazini.

Saa saba, birika linachemka, mlango ukagongwa. Taratibu, mara tatu.

"Hodi mzee wangu. Mzee wa mbuzi, nimeleta heshima zangu."

Jikoni kikombe kikaanguka. Kerubo akatokea akanitazama. Hakuutazama mlango, alinitazama mimi. Nikamwambia piga polisi. Akapiga, anataja 306, 306.

Mlango ni wa mbao za maonyesho. Teke la kwanza fremu ikapasuka. La pili mnyororo ukaruka na misumari yake. Nikampiga koleo la goti, kwa nguvu zangu zote. Ng'ombe ningemwangusha. Huyu alilia lakini hakuanguka. Akashika mpini, akanivuta, akanipiga kichwa cha uso. Meno mawili yakatoka. Nilianguka chali. Akakanyaga mkono wangu kwa kile kiatu cha ngozi, akausaga, nikasikia mifupa kabla ya kusikia maumivu.

Akamfuata mke wake. Alimshika nywele akampigiza uso kwenye friji. Mara ya pili taya likalia. Nilitambaa. Nikamshika mguu nikamng'ata shavu la mguu, kupitia suruali, mpaka damu yake ikajaa mdomoni ikachanganyika na yangu. Alinipiga teke la mbavu, sikuachia. Akanipiga la pili, sikuachia. Mimi sijawahi kuachia kitu.

Hapo Kerubo akafikia birika. Maji yote, shingoni na mgongoni. Mtu mzima alilia kama mbuzi wa risasi. Akaanguka juu yangu. Kerubo akampiga usoni kwa ile plasta. Mara moja, mara mbili, plasta ikapasuka, akaendelea kupiga. Ningeweza kusema basi mwanangu. Nilisema piga. Nilitaka afe. Nilitaka afe kabla hajafungua mdomo akasema nani alimwambia mlango.

Mama Siah, jirani wa mlango unaotazamana na wetu, ndiye aliyemaliza. Mliberia, mama wa mwili. Aliingia na kitambaa kichwani, akatazama, akavua viatu, akamkalia yule mwanamume mgongoni palepale palipoungua. Akakaa mpaka polisi wakaja. Alikuwa anaimba.


Ijumaa, 9 Februari

Presha 192 kwa 110. Nakijwa kapima mara tatu.

Polisi wawili walikuja kuandika maelezo, mkalimani yuko kwenye simu. Yule mwanamume, kutoka kwenye kitanda chake cha hospitali, amewaambia hakuvamia. Amesema mzee alimkaribisha, alimpa namba ya mlango kwa mdomo wake. Mkalimani akauliza: ulimkaribisha? Nikasema hapana. Nakijwa akasema, mnaona, mwongo. Akaniwekea mkono begani.

Kerubo hawezi kusema. Taya limefungwa kwa waya.

Akina mama wamejaza blogu. Babu yetu. Ngao yetu. Kila mwanamke angekuwa na baba wa namna hii. Nakijwa alinisomea. Nilimwambia aache. Akafikiri naona haya.

Rehema alikuja na macho mekundu. Nakijwa amemwambia asiguse blogu tena, picha ile imemwaga damu. Msichana alisimama hapohapo penye doa, akasema ni kosa lake, yeye ndiye aliyemleta yule mtu hapa. Nilimwacha aseme. Nilimwacha alie. Nimechinja wanyama maelfu, sikuwahi kufanya kitu kichafu namna hiyo.


Jumapili, 11 Februari

Nimemwambia Nakijwa anipeleke hospitali kwa Kerubo. Nikamtoa nje ya chumba.

Uso wa Kerubo umevimba, jicho moja halionekani. Nikamwambia yote. Shikamoo, mchele, kovu, 306, na machozi ya Rehema. Nilisema haraka, nikasema mimi ni mzee mjinga. Sikuwahi kusema hivyo kwa lugha yoyote.

Akachukua kalamu. Mkono uliovunjika una plasta mpya, aliandika kwa ule mzima. Aliandika herufi kubwa ili nisome mwenyewe. Nilisoma polepole.

NILIJUA ALIPOKUITA MZEE WA MBUZI.

Akageuza karatasi.

UWAAMBIE WAO. HUYO MSICHANA ANALIA KWA NINI.

Nikakaa. Sikuwa na pa kwenda. Muda ukapita, akanisogezea sharubati yake yenye mrija, nikamshikia akanywa.


Jumatatu, 12 Februari

Theluji imeanguka asubuhi yote. Mtu mwingine amesafisha ngazi.

Nimempigia yule polisi, mkalimani katikati. Nimesema nilimwambia mlango, na sikumwambia aupige teke. Polisi amesema mtu aliyeambiwa namba ya mlango bado hana ruhusa ya kuuvunja. Yule mwanamume akitoka hospitali anakwenda rumande. Hilo halibadiliki.

Kisha Nakijwa. Alisikiliza mpaka mwisho. Alifungua bandeji yangu, akaosha, akafunga nyingine. Alifunga vizuri, hakukaza. Tangu hapo hajazungumza na mimi, na amepika ndizi laini nisizotafuna.

Mchana Rehema kaja, nimemwomba samahani mbele ya Nakijwa. Ameketi kwenye kompyuta. Nilisema, yeye akaandika, mambo ya Jumatatu iliyopita yote kama yalivyokuwa. Akina mama watasoma. Watakaonitukana watanitukana. Hakuna aliyejibu bado.

Presha 150 kwa 90.

Nimeandika ukweli. Kwamba nilimlazimisha Rehema kuweka picha, Rehema anajua. Kwamba nilipigana na sikuachia, Mama Siah alilikuta jino langu kwenye zulia. Kwamba nilidanganya Jumanne, Kerubo anajua, na anaweza kuandika. Na kwamba nilimtajia mlango, muulizeni yule mwanamume. Aliniuliza mara moja tu.